Mume wa Lafudhi

Kila Jumatatu asubuhi mchezo wa redio ulirekodiwa katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kuta zilifunikwa mablanketi ya kijivu ili honi za barabarani zisiingie. Waigizaji walivua viatu mlangoni, kwa sababu viatu vinalia, wakakizunguka kipaza sauti kimoja. Mtu akitaka kukohoa aliinua mkono, fundi mitambo aliyekaa nyuma ya kioo akasimamisha mashine, mtu akakohoa, kazi ikaendelea.

Balozi ndiye aliyekuwa akitangulia kufika. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu ya kuigiza wageni. Mfanyabiashara kutoka nchi za kusini alikuwa yeye. Daktari kutoka nchi za baridi alikuwa yeye. Mlinzi, tapeli, mkimbizi, wote walitoka kinywani mwake, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Wageni wa redioni walikuwa wa aina tatu: wanaoiba, wanaodanganya, na wasioelewa wanachoambiwa, na Balozi aliwaweza wote. Watu walimtambua kwenye foleni ya benki wakamwomba aongee kidogo kama mtu wa ng'ambo ya mto. Aliongea. Walicheka hadi mlinzi akawaomba wapunguze sauti.

Mchezo wa Jumatatu moja ulikuwa na mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto, mchuuzi wa mashuka aliyepita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aliyoingia alitoka na kijiko au kitasa. Mwigizaji wake alikuwa amekwenda kujifungua. Mwingine aliyeitwa kushika nafasi yake hakutokea. Siku hiyo Balozi alikuwa amesahau miwani nyumbani, na mkewe akamletea.

"Shemeji, hebu nisaidie," mwongozaji wa mchezo alimwambia yule mke. "Soma hapa tu, nipime sauti. Mwenzetu akija utampisha."

Mkewe alivua viatu, akasoma.

Watu wa ng'ambo, kwa jinsi Balozi alivyowaigiza, walivuta kila neno mwishoni na kutia "eeh" palipobaki nafasi. Mkewe hakuvuta chochote. Kabla ya kitenzi alishusha sauti kidogo, kama mtu anayeinama kwenye mlango mfupi, kisha akainuka upande wa pili. Maneno yalikuwa yaleyale ya mashuka na vijiko, lakini yalisikika kama yanasemwa na mtu mwenye nyumba na majirani, ambaye jana hakulala vizuri. Fundi mitambo hakusimamisha mashine. Mwongozaji hakuuliza tena habari za yule mwingine.

"Si vibaya," Balozi alimwambia mkewe walipomaliza. "Ila mwisho wa neno vuta. Usipovuta, wasikilizaji hawatajua kama wewe ni mgeni."

"Nitavuta," mkewe alisema kwa sauti yake ya siku zote, safi kama ya msoma taarifa ya habari, akamkabidhi miwani.

Hakuvuta. Mchezo ulitangazwa Alhamisi, na Jumapili mume wake wa ng'ambo akaja.

Balozi alikuwa barazani akipiga viatu rangi. Mtu mrefu aliyebeba mkoba wa turubai, uliochomoza vishikio vya miavuli, alisimama getini akapiga hodi. Balozi akamkaribisha. Mtu yule alifuta miguu, akavua kofia.

"Habari za hapa. Mama watoto yupo?"

"Mama watoto gani? Hapa hatuna watoto."

"Hapa sawa," mtu yule alisema. "Watoto wako kule kwetu. Nimemsikia mama yao redioni, nikaona nije nimjulie hali, maana ni siku nyingi."

"Ulichosikia ni mchezo, ndugu yangu. Maigizo. Yule ni mke wangu."

"Mchezo nimeusikia, na umenifurahisha, ukitoa pale kwenye vijiko. Sibishi kwamba ni mkeo. Ni wangu pia."

Hakusema kwa shari. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba basi hilo linapita na njia ya sokoni. Balozi aliweka brashi chini, akamwita mkewe, akiwa na hakika kwamba jambo lingeishia hapo.

Mkewe alitoka akiwa na povu la sabuni mikononi. Alimtazama yule mtu kuanzia kofia hadi viatu.

"Umechelewa," alimwambia, akashusha sauti na kuipandisha mahali palepale. "Mvua?"

"Mvua. Daraja walilifunga."

"Na ule mfereji wa paa?"

"Nimeuziba. Sasa unavuja upande wa pili."

"Nilikwambia. Mdogo ameota meno?"

"Mawili ya juu. Anamng'ata dada yake."

Mkewe akacheka. Balozi alikuwa ameishi naye miaka mingi na kicheko kile hakukijua. Kilianzia chini, kikachelewa kufika, na kilipofika hakikuwa na haraka ya kuondoka.

Mama yake Balozi, aliyekuwa akiishi nao katika chumba cha uani, alichungulia kuona ni sauti za nani. Alimtazama mgeni, akaitazama miavuli, akarudi ndani kuleta kiti na mwavuli wake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Huu wangu umevunjika mbavu mbili."

Chai ilipokwisha, mwavuli ulikuwa umepona. Fundi miavuli aliaga kila mtu kwa heshima yake, Balozi akiwa wa kwanza, akaenda kuwahi basi.

"Unamjua wapi yule?" Balozi alimuuliza mkewe alipokuwa akikusanya vikombe.

"Simjui."

"Humjui, na unamuuliza habari za mfereji wa paa?"

"Sasa hivi simjui," mkewe alisema. "Nikiongea vile, namjua. Najua anaogopa paka, na najua lile kovu la kidole alilipata wapi. Nikiacha kuongea vile, ni mtu tu aliyekuja akanywa chai."

"Na watoto?"

"Wawili. Wa kike na wa kiume."

"Uliwazaa lini?"

Mkewe aliendelea kupanga vikombe kwenye sinia. "Kwa lafudhi hii sijawahi kuzaa," alisema.

Hilo wote wawili walilijua. Walikwishazunguka hospitali, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka wakaacha kulizungumza. Chumba kimoja cha nyumba ile kilikuwa kimepakwa rangi ya manjano tangu walipooana, na siku hizi kilihifadhi pasi, ngazi na redio mbovu.

Balozi alitoa amri kwamba lafudhi ya kazini iishie kazini. Mkewe akaitikia. Jumapili iliyofuata fundi miavuli alikuja na watoto, binti wa kama miaka saba na mvulana mdogo wa meno mawili ya juu, amempakata begani. Mkewe aliwapokea mlangoni.

"Karibuni sana," alisema kwa sauti yake safi. "Chai mtatumia na sukari?"

Fundi miavuli alimtazama kama mtu aliyegonga nyumba isiyo yenyewe. Binti akajificha nyuma ya baba yake.

"Tuwie radhi, mama," fundi alisema. "Nadhani tumepotea njia."

Walirudi kuelekea getini. Balozi, aliyekuwa amekaa kibarazani na gazeti, alifungua ukurasa wa pili. Mkewe alikuwa amesimama na sinia mkononi. Watoto walipofika kwenye ngazi ya geti, yule binti akajikwaa.

"Angalia jiwe," mkewe alisema.

Yalikuwa maneno mawili, lakini aliyasema kwa sauti ya kule. Wote watatu wakageuka. Binti alirudi mbio akamkumbatia magoti, sinia ikayumba, na kikombe kimoja kikamwagika juu ya gazeti la Balozi. Tangu siku hiyo amri ilikufa. Hakuna aliyeifuta, ila haikutajwa tena.

Wakawa wanakuja kila Jumapili. Kwa kuwa baba yao alimzidi Balozi umri, watoto walifundishwa kumwita Balozi baba mdogo. Walimwamkia vizuri, wakapita. Chumba cha manjano kilitolewa ngazi na redio mbovu ili mvulana apate mahali pa kulala mchana. Mama yake Balozi alimsuka binti nywele barazani, akimbana kichwa katikati ya magoti kama alivyokuwa akiwafanyia binti zake mwenyewe zamani.

"Mama, hao si wajukuu zako," Balozi alimwambia siku moja.

"Najua," mama alisema, vitana viwili vikiwa mdomoni. "Wewe ukileta wangu nitawasuka na wao. Kaa mbali, unanizibia mwanga."

Wivu wa mwanamume kwa mkewe, Balozi aliutarajia, na alijua pa kuuweka. Kulikuwa na mwingine ambao asingeweza kumsimulia mtu. Yeye alikuwa ameongea kama watu wa ng'ambo kwa muda mrefu kuliko umri wa yule binti. Aliwaongelea redioni, harusini, benki. Na kwa muda wote huo hakuna mtu wa kule aliyewahi kuja kumtafuta. Si mke, si mtoto, hata mtu mwenye ugomvi naye. Mkewe alisoma ukurasa mmoja bila viatu, na nchi nzima ikampigia hodi.

Akaanza kufanya mazoezi bafuni. Alivuta maneno, akayakata, akayapeleka puani, akayarudisha. Jumapili alivaa shati lililopigwa pasi akakaa karibu na geti, upande ambao mtu anayetoka kituo cha basi angemwona kwanza. Alianza hata kumfikiria huyo mwanamke, mnene kidogo, mwenye kikapu, anayeuliza, "Baba watoto yupo?" Aliyekuja alikuwa msoma mita ya maji, na huyo alikuwa mwenyeji wa mtaa wa pili.

Mwishowe alimfuata fundi miavuli, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akinyoosha waya kwa koleo. Akakaa kando yake, akaongea naye kwa lafudhi ya ng'ambo, kwa uwezo wake wote. Aliongea juu ya hali ya hewa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Wewe kwenu ni wapi, ndugu yangu?" akamuuliza.

"Kwenu."

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kujibu ovyo.

"Kwetu hakuna anayeongea hivyo," alisema. "Nilimsikia mtu mmoja kwenye basi, lakini yule alikuwa anatucheka."

"Basi nifundishe."

"Unataka kusema nini?"

"Chochote. Lafudhi tu."

"Aa," fundi alisema, akarudi kwenye waya wake. "Hapo siwezi kukusaidia. Sisi huwa tunaanza na jambo la kusema."

Jumatatu iliyofuata Balozi alimwendea mwongozaji kabla wenzake hawajafika. Alimshauri yule mchuuzi wa mashuka aondolewe kwenye mchezo, apelekwe kwao, au aumwe. Mwongozaji alimsikiliza huku akikunja nyaya.

"Simu hazinyamazi kwa ajili yake," alisema. "Tena nataka kumpa mume. Mwizi mwenzake. Nasikia kuna mtu wa ng'ambo anakuja kwako. Mwambie aje nimsikilize."

Fundi miavuli alikuja, akavua viatu, akapewa karatasi. Ilikuwa sehemu ambayo mume anahesabu vijiko vya wizi na kumsifu mkewe. Aliisoma kimya kwanza, kisha akainua mkono, kama alivyoambiwa afanye akitaka kukohoa.

"Naomba kuuliza. Huyu anaiba kwa nini?"

"Ni mchezo," mwongozaji alisema.

"Hilo nimelielewa. Naulizia sababu yake."

"Hana sababu. Ni wa ng'ambo."

Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia, akasoma. Alisoma vizuri, bila kujikwaa. Vijiko vilivyotoka kinywani mwake vilisikika kama vijiko vya nyumbani kwake, na yeye kama mtu anayehojiwa mbele ya watoto wake. Hakuna aliyecheka. Fundi mitambo alitazama vidole vyake.

"Ahsante sana, baba," mwongozaji alisema. Alisubiri hadi mlango ukafungwa, akageuka. "Lafudhi yake hainishawishi. Balozi, chukua wewe."

Hivyo ndivyo Balozi alivyokuja kuwa mume wa mkewe kwa upande ule pia. Alikwenda kurekodi akiwa amevaa shati la Jumapili. Fundi miavuli alikuwa ameruhusiwa kukaa nyuma ya kioo, kando ya fundi mitambo, kofia yake ikiwa magotini. Taa nyekundu iliwaka.

"Mke wangu eeh," Balozi alianza, "leo umeleta vijiko vingapi eeh?"

Mkewe alikuwa kwenye lafudhi yake. Alimtazama Balozi kwa adabu, kama mtu anavyomtazama abiria aliyekaa kando yake, akajibu kilichoandikwa. Alijibu akiangalia kioo. Balozi alisogea hatua moja akaziba kioo. Mkewe akasogeza kichwa kidogo, kama mtu aliyekaa nyuma ya nguzo, akaendelea kujibu. Kila Balozi alipovuta neno, wenzake waliuma mikono wasicheke, na fundi mitambo alilia machozi juu ya vitufe vyake. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Ilipotangazwa watu walipiga simu hadi usiku, na mwisho wa mwaka redio ilimpa cheti cha lafudhi bora, chenye muhuri wa dhahabu.

Walipokuwa wakishuka ngazi siku hiyo ya kurekodi, mkewe alikuwa bado hajaitoa lafudhi. Alishika ukuta akivaa kiatu.

"Baba, samahani," alimwambia Balozi. "Wewe unaelekea upande gani?"

"Ni mimi," Balozi alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Mkewe alimtazama. Alisimama na kiatu kimoja mkononi kwa muda, kisha uso wake ukarudi.

"Nisamehe, mume wangu," alisema, kila herufi mahali pake. "Twende nyumbani."

Balozi alimpelekea mama yake mashtaka. Alimkuta uani akichambua mchele. Akamwambia kwamba mkewe amevuka mpaka, kwamba anaiga watu wa ng'ambo hadi kwenye ngazi za kazini, hadi hamjui mumewe.

"Mwacha asili ni mtumwa," alimalizia.

"Asili ipi?" mama aliuliza.

"Yake."

"Ndiyo hiyo. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaongea ulipomleta." Mama alitupa kokoto nje ya ungo. "Umesahau? Kwao ni ukingo wa mto. Upande huu, lakini wanaongea kama wale wa kule. Akisema 'nimepika' wifi zake wanaangua kicheko. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo. Siku moja alisema 'nimechoka' mbele ya wageni wako, ukatoka nje kwa aibu. Baada ya hapo ukawa unakaa naye jioni, neno moja moja, kama mwalimu. Na akikosea humjibu hadi arudie."

Balozi alikumbuka. Alikumbuka meza, na mkewe akiwa bado bibi harusi, akirudia neno akiwa ameinamisha macho, na yeye akigonga meza kwa kidole pale anapokosea. Ilichukua mwaka mzima, au zaidi. Baadaye watu walipompongeza kwa jinsi mkewe anavyoongea vizuri, alisema ndivyo alivyozaliwa, na mwisho akaamini.

"Kumbe nilimfundisha vizuri," alisema.

Lilikuwa jambo la kwanza kumjia, na kwa kitambo kidogo alijisikia fahari. Mkewe alikuwa ameigiza mtu wa mjini mchana na jioni, jikoni na kitandani, miaka nenda miaka rudi, na hata yeye, bingwa wa lafudhi, hakuwahi kugundua. Kisha kijicho kikamrudia, kibaya kuliko cha kwanza, maana sasa aliona kwamba fundi miavuli hakuwa amemchukua mtu wake yeyote. Alimkuta mwanamke mwenyewe, yule wa kabla ya kufundishwa, amekaa.

Mama aliendelea kuchambua mchele.

Mkewe alileta ombi wiki ileile, wakiwa wanatandika kitanda, yeye upande wake na Balozi upande wake.

"Yule baba wa watoto anataka niende kule," alisema. "Mdogo ana homa za meno. Sijamjibu."

"Na ukienda utarudi?"

"Sijui. Nikiwa naongea vile sikukumbuki, nitarudi kwa nani?" Alilainisha shuka kwa kiganja. "Nimefikiri jambo. Niache niongee vile humu ndani. Siyo Jumapili tu, siku zote, na wewe ukiwepo. Usiniigize na usinicheke. Ukae tu unisikilize. Labda nitakuzoea kwa upande ule pia. Sitakuwa na haja ya kwenda popote."

Balozi alikubali. Alikubali kwa moyo wote, na mtu asije akasema alikuwa na hila.

Walianza jioni ya siku iliyofuata, mezani, wakiwa watatu pamoja na mama. Mkewe aliweka sahani, akakaa, akafumba macho kidogo, akaongea. Mwanzoni alimtazama Balozi kama mgeni, akamsogezea chumvi kwa adabu, akamuuliza kama amesafiri salama. Balozi alijibu kwa kifupi, kwa sauti yake mwenyewe, akatulia. Mkewe akaanza kusimulia. Alisimulia kuhusu njia ya shuleni kwao, iliyopita ukingoni, na jinsi wasichana walivyovua viatu wakavitia ndani ya nguo vikae vikavu. Alisimulia kuhusu baba yake, ambaye Balozi alikutana naye mara moja tu, siku ya harusi, na hakumbuki kama yule mzee alifungua mdomo.

Kadiri alivyosimulia ndivyo macho yake yalivyomkalia Balozi zaidi. Aliinamisha kichwa upande.

"Wewe nimewahi kukuona," alisema. "Hukuja kwetu wakati fulani? Kijana mmoja, ana shati jeupe, anaongea vizuri kweli."

"Nilikuja," Balozi alisema.

"Nilikuwa dirishani. Siku hiyo ilinyesha, ukasimama chini ya..."

Lile neno la mvua alilitamka kwa namna ya kwao, amelilalia mwanzoni na kulimeza mwishoni. Balozi hakufikiri. Kidole chake ndicho kilichotangulia, kikagonga meza.

"I-li-nye-sha," alisema taratibu.

Mama aliweka kijiko chini. Mkewe alifunga mdomo. Macho yake yalibaki juu ya Balozi kwa muda, kisha yakaondoka, na aliyebaki akitazama alikuwa yule wa siku zote.

"Ilinyesha," alirudia, safi kabisa. Akainuka, akakusanya sahani.

Hawakujaribu tena. Balozi alisema kwamba wangejaribu, na mkewe alisema hapana shida. Alikwenda ng'ambo siku chache kumuuguza mtoto, akarudi kwa basi la asubuhi pamoja na fundi miavuli, ambaye ndiye aliyemwonyesha geti. Kuanzia hapo wakagawana bila kikao. Jumapili nyumba ilikuwa ya ng'ambo, kuanzia chai hadi basi la jioni, na Balozi alikuwa baba mdogo. Siku nyingine ilikuwa ya mjini. Majirani walizoea, na waliokuwa na miavuli mibovu waliileta Jumapili.

Mchezo uliendelea pia. Mchuuzi wa mashuka alipandishwa kutoka vijiko hadi vyerehani, na mumewe akaongezewa maneno. Fundi miavuli aliusikiliza kila Alhamisi pamoja na watoto. Ikifika sehemu ya wizi alipunguza sauti, na wizi ukipita aliongeza. Lakini binti alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko alivyodhaniwa, maana Jumapili moja aliingia getini, akapiga goti mbele ya Balozi, akasema, "Shikamoo eeh, baba mdogo eeh."

"Ameanza kuongea hivyo," baba yake alieleza. "Anasema redioni watu wa kwetu ndivyo wanavyoongea. Mwalimu wake anasema amesikia na wengine darasani."

Balozi alimwitikia mtoto. Alimwomba arudie, na mtoto akarudia, akivuta palepale alipokuwa akivuta yeye. Balozi alicheka kwa furaha, akamtafutia peremende mfukoni. Mkewe alisimama mlangoni na taulo mkononi akiwatazama, akamwita binti ndani kwa sauti ya kwao. Binti alichelewa kidogo kuitika.

Jioni hiyo basi lilipoondoka, mkewe alirudi kutoka kituoni peke yake. Alikung'uta kitambaa cha meza barazani, akakikunja mara mbili, akapita mbele ya Balozi kukirudisha kabatini.

"Umechoka?" Balozi alimuuliza.

"Sijachoka, mume wangu," mkewe alisema. "Wewe je, umeshinda salama?"

Balozi alikuwa amelisikiliza jibu lile kwa sikio lake la kazini, tangu mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali popote ambapo sauti ingeteleza. Haikuwa imeteleza. Mkewe alisubiri kidogo na kitambaa chake mkononi, akitabasamu vizuri, kisha akaingia ndani.